Turbo Ndani ya Datsun ya Babu: Gharama Huanza Baada ya Kununua Injini

Gari la kabureta likitoka Mbale kupanda Kapchorwa huanza kulemewa kabla halijafika Sipi. Mbale iko juu kidogo ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Sipi inakaribia mita 1,800. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake, kwa kuwa hewa ni nyepesi na silinda hazishibi. Datsun 1200 ilitoka kiwandani mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikiwa na nguvu za farasi 69 hivi. Toa za umri, toa za mlima, kinachobaki ni gia ya pili na mlolongo wa magari yanayopiga honi nyuma.

Ndiyo maana wenye magari ya zamani mashariki mwa Uganda huiwazia turbo. Turbo huzungushwa na moshi wa injini yenyewe, ikasukuma hewa ya ziada ndani ya silinda, na mlimani ndiko faida yake inakoonekana zaidi. Isitoshe, watu wa huku wameizoea sauti yake. Mbio za magari za ubingwa wa taifa zimepita kwenye mashamba ya miwa ya Kakira, nje kidogo ya Jinja, na kwenye barabara za vumbi za Mbale, na kwa miaka mingi Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution, zote za turbo, ndizo zilizotamba. Mwaka 2011 Susan Muwonge alitwaa ubingwa huo, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Kijana aliyekuwa amesimama kando ya miwa siku hizo hakusahau alichosikia.

Datsun nayo ina jina lake upande huu. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda katika ukoo wenye kiwanda cha sukari cha Lugazi, kwenye barabara ya Kampala kwenda Jinja, alishinda Safari Rally mara tano, zote kwa Datsun: mwaka 1973 kwa 240Z, kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Hakuna hata moja kati ya magari hayo lililokuwa na turbo. Turbo ilishinda Safari kwa mara ya kwanza mwaka 1984, Björn Waldegård akiwa kwenye Toyota Celica. Anayetia turbo ndani ya Datsun 1200 anachanganya gari la enzi moja na moyo wa enzi nyingine, na kila mahali zinapokutana enzi hizo mbili pana bili ya kulipa.

Injini inayotajwa zaidi kwa kazi hii ni SR20DET ya Nissan: lita mbili, farasi 205 katika Nissan Silvia za kwanza zilizoibeba. Imelala kwa urefu wa gari na inasukuma magurudumu ya nyuma, kama ile ya Datsun, na hilo tu ni nusu ya sababu ya kupendwa kwake. Afrika Kusini, ambako pikapu ya Nissan 1400 iliyotokana na Datsun 1200 iliendelea kutengenezwa hadi 2008, mafundi wamezitia injini za aina hii kwa miaka. Waaustralia pia.

Tatizo ni kwamba Silvia ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 2002. Sheria ya Uganda ya mwaka 2018 imefunga mlango kwa magari yaliyotimiza miaka 15, kwa hiyo Silvia nzima haiingii. Injini huja peke yake kama kipuri. Inashuka Mombasa, inapita Malaba, inapita Tororo na Iganga, inapita Jinja yenyewe juu ya lori, hadi soko la vipuri la Kisekka mjini Kampala. Mnunuzi wa Jinja anaifuata huko, kilomita 80, na kuirudisha kwa barabara ileile.

Kwa wauzaji wa injini za Japani walioko Marekani, SR20DET nzima na giaboksi yake mara nyingi huvuka dola 3,000. Tukihesabu dola kwa shilingi 3,700 za Uganda, hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 11 kabla ya nauli ya meli. VAT ya asilimia 18 peke yake inaongeza karibu milioni mbili. Wengi wanapofika hapo hudhani wamemaliza sehemu ngumu. Hawajaianza.

Injini hizi huchomolewa haraka kwenye magari yanayovunjwa, na nyaya hukatwa kwa mkasi. Fundi anapokea fungu la nyaya kadhaa zenye rangi zilizofifia, upande mmoja umefungwa kwenye injini, upande wa pili unaning'inia. Kila waya lazima ijulikane inakokwenda: sensa ya hewa, sensa ya joto, nozeli, plagi, kompyuta. Datsun 1200 haikuwahi kuwa na kompyuta. Fundi umeme wa magari anayeweza kusoma mchoro wa SR20DET na kuurudisha wayaringi huo salama ni mtu wa kutafutwa, na anajua thamani yake. Akikosea waya moja ya sensa, injini inaweza kuwaka vizuri gereji na kuyeyusha pistoni kwenye mlima wa kwanza.

Baada ya umeme, petroli. Pampu ya kabureta inasukuma kwa presha ndogo. Nozeli zinadai presha ya karibu mara kumi ya hiyo, kwa hiyo pampu mpya, bomba jipya na tangi lililosafishwa kutu. Na petroli yenyewe: Wajapani walizipangia injini nyingi za turbo petroli ya bei ya juu yenye oktani zipatazo 100, na pampu za kawaida Uganda haziifikii. Presha ya turbo isipopunguzwa, injini inagonga, na kugonga huko ndiko kunakotoboa pistoni.

Katika kazi ya chuma Jinja inajisimamia. Bwawa la Owen Falls, leo Nalubaale, lilipofunguliwa mwaka 1954, umeme wake ulivuta viwanda vya nguo na vya chuma, na mji ukajaa watu wanaojua kukereza, kuchomelea na kupima. Viwanda vingi vilianguka baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972, lakini ufundi uliachwa mikononi. Maunti za injini zinakatwa na kuchomelewa papo hapo. Propela inafupishwa kwenye mashine ya kukereza, na hapo mwenye gari asikubali njia ya mkato: propela iliyokatwa bila kusawazishwa hutetemesha gari zima ikifika kasi ya barabara kuu, na mwishowe hula beringi za giaboksi aliyoinunua kwa jasho.

Vumbi lina bili yake pia. Shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika juu ya utando mwembamba wa oili. Chujio la hewa la bei rahisi kwenye barabara za murram huruhusu mchanga kuzila panga za turbo, na oili iliyochelewa kubadilishwa huiua shafti. Anayepanda hadi Kapchorwa akazima gari hapohapo, bila kuiacha injini izunguke polepole dakika moja au mbili ipoe, anaipika oili ndani ya turbo.

Lakini la kutisha zaidi ni kushuka. Datsun 1200 ina uzito wa kilo 700 hivi, na breki zake zilipangwa kwa farasi 69. Pikapu nyingi za aina hiyo zina dramu mbele na nyuma. Ukiitia nguvu mara tatu, unaifikia kona kwa kasi ambayo wahandisi wa 1970 hawakuiwazia. Kwenye mteremko wa kurudi Mbale, dramu zikishapata moto, pedali inakuwa laini na gari haliitiki. Difu nayo ilipangwa kwa nguvu zilezile. Clachi moja ya pupa kwenye taa za barabarani inaweza kung'oa meno yake. Diski za mbele, difu ya gari zito zaidi, springi na shokapu: hapa ndipo milioni za pili zinapokwenda, na hapa ndipo wengi wanapobana matumizi. Mwandishi wa makala hii hakubaliani nao hata kidogo. Gari lenye turbo na breki za dramu halistahili kutoka gereji.

Kuna pia kitabu cha gari. Namba ya injini imeandikwa humo, na injini ikibadilishwa lazima ikaguliwe na rekodi irekebishwe. Mwenye kuruka hatua hii hugundua kosa lake siku ya ajali, mbele ya bima.

Kwa anayetaka tu gari la kupanda mlima bila aibu, ipo njia ya wastani. Nissan ilitengeneza injini za A14 na A15, ndugu wa A12 iliyomo ndani ya Datsun 1200. A15 ni sentimita za ujazo 1,488 dhidi ya 1,171, na hukaa karibu palepale bila kukata mwili wa gari. Haitapiga mluzi kama Impreza, lakini haidai kompyuta wala petroli ya oktani 100.

Aliyekwisha kuamua kwamba ni turbo tu, basi aanze kwa mpangilio huu: breki kwanza, difu na propela zifuate, fundi umeme apatikane na mchoro wake mkononi, kisha ndipo safari ya Kisekka. Na kabla ya kulipa, aulize kama kompyuta na nyaya zinakuja pamoja na injini. Kama hazipo, aiache sokoni.