Mpiganaji Apewe Nini Mbele ya Mchawi?

Katika michezo ya kuigiza wahusika, watu wanne au watano huketi mezani na dadu, karatasi na penseli, kila mmoja akimwakilisha mtu wa kubuni, huku mwongoza mchezo akiwaeleza dunia wanayoikuta na kuamua kinachotokea. Mmoja huchagua kuwa mpiganaji, mwingine mchawi. Tangu Gary Gygax na Dave Arneson watoe Dungeons & Dragons nchini Marekani mwaka 1974, lalamiko moja limezidi kukomaa: kadiri mchezo unavyosonga mbele, mchawi anakuwa kila kitu na mpiganaji anageuka mtazamaji. Tiba inayopendekezwa mara nyingi ni ya hesabu, yaani kupunguza ukali wa moto wa mchawi na kuongeza ukali wa upanga. Naona tiba hiyo haigusi ugonjwa. Mpiganaji anapiga vya kutosha. Anachokosa ni jambo la kufanya pale ambapo hakuna wa kumpiga.

Tuchukue toleo la 5 la mchezo huo, la mwaka 2014, tuwafuate wawili hawa ngazi kwa ngazi. Wakifika ngazi ya 5, mpiganaji anapata pigo la pili katika kila shambulio lake, na mchawi anaweza kupata afsuni ya mpira wa moto unaounguza kila aliyemo ndani ya mita 6 hivi kutoka ulipopasukia, madhara yake yakipimwa kwa dadu 8. Hapo hakuna aliyeonewa, maana moto huo hutumika mara chache kwa siku na upanga hauishi. Lakini katika ngazi hiyohiyo mchawi anaweza kujifunza kumrusha mtu angani kwa dakika 10, na korongo lililokizuia kikosi kizima halizuii tena kitu. Ngazi ya 13 mchawi anaweza kuwachukua wenzake wote na kuwafikisha mji wa mbali kufumba na kufumbua. Mpiganaji, ngazi hiyo ya 13, anaongezewa nafasi moja ya kurudia dadu pale mwili au akili yake inaposhindwa kuhimili hatari. Ngazi ya 17 mchawi anaweza kutamka matakwa yake na dunia ikayatii. Mpiganaji anaongezewa nafasi nyingine ya kurudia dadu, na nyingine ya kushambulia mara mbili katika zamu moja. Ukihesabu madhara ya mapigo peke yake, pengo si la kutisha. Hesabu sasa milango iliyofungwa, safari, siri zilizofichwa na wafungwa wa kukombolewa: karibu kila kimoja kina afsuni yake, na upanga hauna neno.

Zamani haikuwa hivi. Gygax alichota kanuni za uchawi katika hadithi za mwandishi Jack Vance, ambamo mchawi hubeba akilini afsuni chache, na kila akiitumia moja inamtoka. Katika kanuni za mwaka 1978, mchawi wa ngazi ya 1 alikuwa na afsuni moja kwa siku, uhai wake ulipimwa kwa dadu ya pande 4 wakati wa mpiganaji ulipimwa kwa dadu ya pande 10, na akipigwa wakati anatamka, afsuni iliharibika. Breki hizo wengi wanazikumbuka. Kinachosahaulika, nami naona ndicho kikubwa zaidi, ni kwamba mpiganaji aliyefika ngazi ya 9 na kujenga ngome alifuatwa na askari na kukusanya kodi kwa wakazi wa eneo lake. Alikuwa mtawala, na utawala una majibu mengi ambayo upanga hauna. Toleo la 3, la mwaka 2000, lilimrahisishia mchawi kutamka huku akishambuliwa, na ngome ile ikaondolewa katika haki za mpiganaji.

Wapo wanaosema uchawi kwa asili yake unaupita mkono wa binadamu, na kulazimisha usawa ni kuua ladha yake. Hoja hii ina uzito. Ars Magica, mchezo wa mwaka 1987 wa Jonathan Tweet na Mark Rein-Hagen, iliikubali waziwazi: wachawi ni wakubwa, basi kila mchezaji awe na mchawi wake, na pia aigize wahusika wa kawaida kwa kupokezana. Huo ni ukweli usiofichwa. Dungeons & Dragons, kwa upande wake, humpa kila mhusika ngazi kana kwamba wa 17 ni sawa na wa 17 mwenzake, kisha humpima mchawi kwa kipimo cha ngano na mpiganaji kwa kipimo cha mwanariadha. Ngano zenyewe hazikuwapima mashujaa hivyo. Fumo Liyongo, shujaa wa ngano za Waswahili, hakudhuriwa na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, lakini sifa zake hazikuishia kwenye mwili. Adui zake walipopanga kumuua akiwa juu ya mti wa mkoma, aliyaangusha makoma kwa mishale bila kupanda. Alipofungwa, alimwagiza mama yake kwa wimbo afiche tupa ndani ya mkate wa wishwa. Walinzi wakala mikate mizuri na kumwachia ule wa wishwa, naye akakata pingu huku ngoma ya gungu ikifunika mlio wa tupa. Shabaha, werevu, tungo na watu wanaompenda: hizo zote ni nguvu za mpiganaji, na zote zinaweza kuandikwa kama kanuni.

Wengine hutaja toleo la 4, la mwaka 2008, lililowapa wahusika wote mpangilio mmoja wa uwezo: wa kutumika kila zamu, wa mara moja kwa pambano, na wa mara moja kwa siku. Wachezaji wengi walilalamika kwamba wahusika wote wamefanana, na lalamiko lao naliheshimu. Lakini kilichofanana kilikuwa mpangilio, na sehemu kubwa ya uwezo huo ilihusu mapigano tu, kwa hiyo lalamiko hilo halithibitishi kwamba usawa haufai. Wapo pia wanaosema mchezo ni wa ushirikiano, na mwongoza mchezo mzuri atampa mpiganaji nafasi. Atampa, ndiyo. Lakini hapo mpiganaji anaishi kwa hisani, wakati mchawi anaishi kwa haki iliyoandikwa kitabuni, na anayetegemea hisani huomba ruhusa kabla ya kila tendo.

Toleo la 2 la Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, la mwaka 2019, limeanza kuandika haki hizo. Mhusika aliyefikisha wepesi wake daraja la juu kabisa anaweza kupata uwezo wa kuanguka kutoka kimo chochote na kutua salama, na bingwa wa vitisho anaweza kumtisha adui hadi afe kwa hofu, bila afsuni yoyote. Ni hatua nzuri, ingawa bado imeegemea kile mtu anachofanya peke yake. Ningependa watunzi wairudishe na ngome: askari wanaoitika, wenyeji wanaoleta habari, na jina linalomfungulia mpiganaji lango la mji wakati mchawi bado anatafuta ukurasa.