Inanga Haishindani na Spika

Maze, saa nne usiku Muyinga, Burundi, kabare, yaani baa, imejaa hadi mlangoni. Meza zimebeba Primus na mishikaki, TV iko na mechi, na msee wa sono, mitambo ya saundi, amekaza besi hadi glasi zinatetemeka kwa kaunta. Sisi wawili tumekalia viti vya plastiki kwa kona: mi na ikembe, jamaa yangu na inanga yake magotini. Patro, mwenye baa, anatupungia mkono, anzeni. Hakuna mtu anatucheki.

Hapo bendi nyingi huongeza sauti. Sisi tunashusha.

Inanga ni ubao uliochongwa bonde katikati, kama sinia refu. Uzi mmoja mrefu unapitishwa huku na huku kwa meno ya pande mbili hadi unakuwa nyuzi kadhaa. Hii ya jamaa yangu iko na nane. Zamani uzi ulitoka kwa ng'ombe, mshipa au utumbo. Sauti yake ni ya chini, nzito, na ukiimba kwa nguvu unaifunika kabisa. Wazee wa Burundi walitatua hiyo ngori kwa kunong'ona. Maneno yote yanatoka kwa pumzi tupu, karibu na sikio la mbao.

Na hapo ndo kuna mambo. Kirundi ni lugha ya toni: ukipandisha neno ama ukilishusha, maana inaweza kuhama. Mnong'ono hauna kupanda wala kushuka, so toni inapotea. Inashikwa na nyuzi. Kidole kinapanda pale neno lingepanda, kinashuka pale lingeshuka, na sikio lako linaunganisha pumzi na uzi hadi unaskia mtu anaimba. Mara ya kwanza nilipoiskia nilitafuta msee wa tatu ndani ya nyumba. Michel Vuylsteke alikuja kurekodi muziki wa nchi hii mwaka 1967, sahani ya santuri ikatoka Ufaransa kwa lebo ya Ocora, na inanga ya kunong'ona iko mle ndani. Nimeirudia mara nyingi sana usiku na earphone za bei rahisi.

Mi nimekulia Kayole, Nairobi. Mathee alitoka Gitega akiwa amenibeba mgongoni, so Kirundi changu kilikuwa cha jikoni: njoo, kula, nyamaza. Niliporudi ocha nilikuwa na Sheng mdomoni na gitaa begani, na hakuna aliyekuwa anahitaji gitaa. Jamaa yangu ni wa Muyinga, alifundishwa inanga na babu yake. Ikembe nilijifunza kwake. Chombo hicho kilitufikia kutoka Kongo: kisanduku, vyuma vya kuchezwa na vidole gumba, na vipete vidogo vya bati vinavyozunguka kila chuma ili kiwe na ule mkwaruzo mtamu. Wasee wa saundi hudhani ni ubovu, wanataka kuukata. Buda, usiukate. Huo ndo mziki wenyewe.

Muyinga inabamba ju Kiswahili kiko nje, kiko sokoni, kiko msikitini. Mpaka wa Kobero hauko mbali, malori ya Tanzania yanapita, madereva wanaingia kula na wanataka kitu cha kushika. Tulijaribu kuwanong'onea kwa Kiswahili. Ikakufa palepale. Kiswahili hakina toni, nyuzi hazina cha kubeba, kwa hiyo unabaki na msee anapumua kwa maiki. Ilituchukua miezi kukubali hilo. Siku hizi yeye ananong'ona beti kwa Kirundi, mi napokea kwa Kiswahili na sauti yangu ya kawaida, chini chini, ikembe ikinishika mkono. Nadhani hiyo ndo kazi bora tumewahi kufanya pamoja, na ilizaliwa kwa kushindwa.

Gitega ni stori tofauti. Tangu ilipotangazwa mji mkuu wa kisiasa Desemba 2018, mahoteli na mikutano imezidi, na watu wa mikutano wanataka utamaduni jioni. Wakisema utamaduni wanamaanisha ngoma. Nawaelewa kabisa. Nenda Gishora, kama kilomita saba tu kutoka mjini, pahali historia inapahusisha na mwami, yaani mfalme, Mwezi Gisabo. Cheki wanaume wanaingia na ngoma vichwani huku wanapiga, ngoma ya inkiranya ikikaa katikati na kuongoza zingine. Zimechongwa kwa mti unaoitwa umuvugangoma, mti unaozungumzisha ngoma. Kifua chako kinafunguka. UNESCO iliandikisha ngoma hiyo mwaka 2014, na miaka mingi kabla ya hapo, 1982, wapigaji wa Burundi walikuwa tayari kwa stej ya tamasha la WOMAD kule Uingereza.

Ngoma pia iko na sheria yake. Amri ya rais ya Oktoba 2017 inasema wanawake wasipige, na anayetaka ngoma kwa shughuli isiyo ya serikali aombe kibali na alipe faranga 500,000. Hiyo ya wanawake inaniuma, ju nimeskia madem wa hapa wakipiga meza za jikoni, na mikono iko fiti. Kwa upande wetu imeleta simu ambazo hatukuzitarajia: mwenye hafla ndogo asiyeweza kibali anauliza kama kuna kitu kingine cha kienyeji. Kipo. Lakini akitegemea kishindo cha ngoma, lazima nimwambie mapema kwamba atapata mnong'ono.

Doo ya kweli iko kwa gusaba, siku familia ya kijana inaenda kuomba binti. Pale wazee wanajibizana kwa maneno ya kupanga, impeke, pombe ya mtama, iko kwa chungu na mirija imesimama, watu wamezoea kuskiza. Inanga inakaa pale kama iko nyumbani. Kabare ni kujaza wiki tu. Kuna patro mmoja tulielewana bei, usiku ulipoisha akatutumia nusu kwa Lumicash akasema wateja hawakucheza. Tulitembea hadi keja bila kuongea. Sikuwa na hasira na pesa kama na hilo neno, hawakucheza. Walikuwa wameinamisha vichwa. Mmoja alikuwa amefunga macho.

Safari ya Gitega na Muyinga ni kupitia Karuzi. Mafuta yakikosekana, na yamekosekana sana miaka hii, unarauka mangware na bado unasubiri gari hadi mchana. Inanga haipandi juu ya gari hata siku moja. Inavikwa kitenge, inalala mapajani kama mtoto, na mvua ikianza jamaa anaifunika na koti lake mwenyewe. Unyevu unavuruga uzi. Tukifika inabidi tuitege upya, na jukwaani kuna kesi nyingine: ukiibandika maiki, lile bonde la mbao linadaka besi ya spika na kuirudisha kama king'ora. Ndo maana tunaomba sono izimwe kabisa upande wetu. Mwaka huu tumerekodi nyimbo 3 chini ya blanketi, za kutuma kwa tamasha la Sauti za Busara kule Unguja. Pale kila msanii anapiga laivu. Natamani kuiskia inanga ndani ya Ngome Kongwe, kuta zile nene zikiishikilia.

Turudi Muyinga. Jamaa amenong'ona beti mbili, meza ya mbele inaendelea kubonga. Kisha mzee mmoja, kofia ya mkeka kichwani, anainuka pale kwa TV, anavuta kiti chake cha plastiki hadi magoti yake yanagusa inanga. Anainamisha sikio. Midomo yake inatangulia maneno, anayajua. Ghafla anaweka kiganja juu ya nyuzi, zinanyamaza.

"Huu wa tatu uko juu," anasema. "Hapo umesema neno lingine, mwanangu."

Jamaa anasema, "Asante, mzee." Analegeza uzi, anaugonga na kucha, analegeza tena kidogo. Mzee anatikisa kichwa, bado. Meza ya mbele imegeuka kutazama. Mi nimeshika ikembe, sipigi, nangoja uzi wa tatu ushuke.