Simulizi ya Mama Yageuka Sinema

Jioni inapoingia katika vilima vya Nkungu, wilayani Rusizi, nchini Rwanda, jembe huwekwa kando na watu wa nyumba moja hukusanyika. Wanyarwanda huyaita mazungumzo ya namna hiyo igitaramo. Wazee husimulia, watoto husikiliza, na hadithi hufunguliwa kwa maneno "Kera habayeho", yaani hapo kale palikuwa. Siku hizi barazani pameingia msimulizi mwingine, nayo ni simu ya mkononi. Humo mtoto huona picha za kila nchi, lakini ni nadra kuiona nchi yake ikisimuliwa na mtu wake mwenyewe.

Jambo hili si geni. Kwa miaka mingi Mwafrika alionekana katika sinema, lakini kauli haikuwa yake. Miongoni mwa watu weusi waliojitahidi kuigeuza hali hiyo ni Raoul Peck, mtengenezaji wa filamu aliyezaliwa mwaka 1953 huko Port-au-Prince, Haiti, nchi ambayo wakazi wake wengi ni wazao wa Waafrika waliochukuliwa utumwani. Mwaka 1961, akiwa mtoto wa miaka minane, alihamia Kongo, nchi ambayo mtu wa Rusizi huifikia kwa kuvuka mto tu. Baba yake, mtaalamu wa kilimo, alikuwa amepata kazi huko. Mama yake naye alifanya kazi ya ukatibu katika ofisi ya meya wa Léopoldville, mji unaoitwa leo Kinshasa.

Mwaka huohuo, tarehe 17 Januari, Patrice Lumumba alikuwa ameuawa huko Katanga. Mama huyo aliyasikia na kuyaona mengi kazini, akayaeleza nyumbani. Hapana shaka hakujua kwamba maneno yake yangekuja kusikiwa na ulimwengu. Peck alipotoa filamu yake ya kumbukumbu juu ya Lumumba mwaka 1990, aliijenga juu ya masimulizi hayo. Mara kwa mara msimulizi anasema kwamba mama yake ndiye anayeeleza, kisha habari inaendelea.

Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Peck alikusudia kupiga picha Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, lakini safari ilizuilika kwa hofu ya usalama wake. Ikambidi apige picha katika mitaa ya Brussels, Ubelgiji, miongoni mwa wapita njia wasiojua habari za Lumumba. Hata picha za habari za kiongozi huyo zilikuwa zimehifadhiwa Ulaya, na aliyezitaka alipaswa kuzilipia. Yafaa msomaji alitafakari jambo hili: mtu mweusi kununua kwa wageni sura ya shujaa wake mwenyewe! Kitu kimoja tu hakikuuzwa na mtu, nacho ni simulizi ya mama.

Baadaye Peck alikuja Rwanda kutengeneza filamu ya "Sometimes in April", inayohusu mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Filamu ya "Hotel Rwanda" ya mwaka 2004 ilipigwa sehemu kubwa Afrika Kusini. Hii ya Peck ilipigwa Rwanda kwenyewe, na mwaka 2005 ikaonyeshwa kwa wananchi katika Uwanja wa Amahoro, Kigali. Inahusu ndugu wawili wa tumbo moja. Mmoja ni askari mwenye mke Mtutsi. Wa pili ni mtangazaji wa redio iliyoeneza chuki. Ndipo mtazamaji anapoona kwamba neno laweza kujenga nyumba, na neno hilohilo laweza kuibomoa.

Mwaka huohuo wa 2005 Mnyarwanda Eric Kabera na wenzake walianzisha tamasha la filamu la Rwanda, lililojulikana kwa jina la Hillywood. Walibeba skrini kubwa ya kujazwa upepo na kuipeleka vilimani, ili mkulima atazame filamu za Kinyarwanda bila kufunga safari ya mjini. Maana hadithi ikichukuliwa kwa mwenyewe, haki ni kumrudishia.

Je, familia isiyo na kamera wala skrini ifanye nini? Kwanza, simu isiwe adui wa baraza, bali iwe karani wake. Kijana na amrekodi babu au bibi akisimulia, baada ya kumwomba ruhusa, kisha aandike jina, mahali na mwaka. Nyuma ya picha za zamani na yaandikwe majina ya waliomo, kabla anayewajua hajaaga dunia. Aidha, aliyenusurika mwaka 1994 asilazimishwe kusema. Jeraha halifunguliwi na mgeni. Mwenyewe ndiye ajuaye siku yake, na akinyamaza, aheshimiwe.

Wahenga walinena kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Peck alifunzwa na mamaye, na kwa sababu hiyo akapata neno la kuufunza ulimwengu. Huko Nkungu, na kila penye mzee na mtoto, neno la namna hiyo bado lipo. Linangoja aliulizaye.