Hirizi: Asili na Maana Yake
Neno hirizi limetokana na neno la Kiarabu hirz, yaani kinga. Hirizi ni kifuko kidogo cha ngozi au kitambaa kilichoshonwa pande zote, ndani mna karatasi yenye aya za Kurani au dawa ya mganga. Huvaliwa shingoni, mkononi au kiunoni. Matajiri wa Oman na Zanzibar waliitia katika kijaluba cha fedha chenye mkufu, kinga ikawa pambo. Temeke na Kinondoni, wapo watoto wachanga wanaofungwa hirizi ya kitambaa cheusi dhidi ya kijicho. Usijibu kwamba hirizi ni uchawi. Mvaaji huivaa ili uchawi usimpate. Wala usiichanganye na kombe: maandishi ya zafarani yanayooshwa sahanini, kisha maji yake yakanywewa.