Kijiko cha Sukari Kimo Mkononi mwa Nani?

Wahenga walituusia ya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa nyumba huonekana na kila apitaye njia, lakini ufa wa mwili hufichwa na kanzu na buibui, hata siku ukuta uangukapo majirani wakabaki kuulizana: "Hivi alikuwa akiugua tangu lini?" Na katika nyufa za siri zilizotapakaa hapa kwetu pwani, kuanzia Vanga hadi Kiunga, hakuna ulio mashuhuri kuliko maradhi tuyaitayo sukari. Ni shida siku hizi kukaa barazani na watu kumi wa makamo asiwemo hata mmoja mwenye vidonge vyake mfukoni.

Makala haya hayakukusudia kufanya kazi ya daktari. Daktari ana mizani yake na mwandishi ana kalamu yake. Ninalotaka kulitazama ni jambo la desturi, dogo kwa kuliona lakini lenye uzito: ni nani hasa hutupimia sukari tunayoila na kuinywa? Kwani yaelekea ya kwamba utamu hatukuanza kuupenda jana. Tulichobadilisha ni mkono unaoshika kijiko.

Kahawa na Halua

Mtazame muuza kahawa wa Mji wa Kale, Mombasa, au wa Lamu. Dele lake la shaba li juu ya makaa, mkononi ana vikombe vidogo visivyo na mkono, avigonganisha ili watu wasikie kuwa amefika. Kahawa yake ni chungu. Pengine imetiwa tangawizi, pengine iliki, lakini sukari haimo. Ukitaka utamu, pembeni ipo kashata au kipande cha halua. Mnywaji humega kidogo kwa ncha za vidole, akautia utamu kinywani, kisha akapiga funda la kahawa. Uchungu una mahali pake na utamu una mahali pake, na baina ya viwili hivyo yuko mtu mwenyewe, ambaye huona kwa macho yake ni kiasi gani amekula.

Sisemi kwamba halua ni dawa. Halua ni sukari, wanga na samli, na anayekula sahani nzima peke yake asimlaumu mpishi. Ninachosema ni kwamba wazee waliobuni mpango ule walimwachia mlaji mizani yake.

Wala mtu asidhani kuwa sukari ni kitu kigeni kilicholetwa juzi. Katika karne ya 19 bonde la mto Pangani lilijaa mashamba ya miwa, yaliyolimwa kwa jasho la watumwa, na Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888, mwenyewe alikuwa na shamba la miwa huko. Hapa Kenya, watu wa Kwale wanakumbuka vyema kiwanda cha Ramisi. Muwa tunaujua na utamu wake tunaujua. Lakini sukari ilikuwa kitu cha kununuliwa kwa hesabu, kikahifadhiwa katika kopo lenye kifuniko, na kutolewa kwa mgeni, kwa arusi na kwa Idi.

Sasa njoo jikoni mwetu leo. Chai ya maziwa hupikwa katika sufuria moja pamoja na majani na sukari yake, ikachemka ikawa kitu kimoja, kisha ikamiminwa katika birika au chupa. Mtoto wa miaka minne, kijana achezaye mpira, mama mjamzito na babu mwenye kisukari wote hunywa kwa kipimo kimoja, kipimo cha mpishi. Soda nayo imepimwa kiwandani na watu ambao hawakujui wala hawajui babako alikufa kwa maradhi gani. Ubuyu wa rangi umegaagazwa sukari kabla haujakufikia. Ukwaju, kwa kuwa ni mchachu, hutiwa sukari mpaka ukasahau uchachu wake. Alhasili, kijiko kimetutoka mkononi.

Hesabu ya Siku Moja

Tufanye hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Kijiko kimoja cha chai cha sukari, kikiwa sawasawa bila ya mlima juu yake, huchukua gramu 4 hivi. Mtu anywaye vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja kikiwa na vijiko vitatu, amekwisha kunywa vijiko 9, yaani gramu 36. Akiongeza adhuhuri chupa moja ya soda ya mililita 300, humo mna gramu 30 na zaidi, karibu na vijiko 8. Jumla ni vijiko 17. Na bado hatujahesabu mahamri ya asubuhi wala kaimati zilizoogeshwa shira.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2015. Lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na ya maji ya matunda, isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu zote mwili uzipatazo kwa chakula. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni gramu 50 hivi, vijiko 12. Likaongeza kuwa ni bora zaidi kushuka mpaka nusu ya hapo, vijiko 6 kwa siku nzima. Msomaji, pima mwenyewe: yule bwana wa vijiko 17 alipita kiwango akiwa bado hajala cha usiku.

Hapa pana watu wawili wa kuonywa. Wa kwanza ni yule asemaye, "Mimi situmii sukari, natumia asali na sukari guru." Ndugu yangu, umebadili kanzu tu, mtu ni yule yule. Wa pili ni yule aliyeacha sukari katika chai lakini kila usiku hujenga mlima wa wali katika sinia. Wali mweupe nao, ukiingia tumboni, hugeuka sukari ya damu. Jina la maradhi haya limetupoteza kidogo, kwani limetufanya tuone kijiko tukasahau pakacha la mchele.

Ukweli ni huu. Chakula kikisagika, sukari yake huingia katika damu, na kongosho hutoa insulini, ambayo ni kama ufunguo wa kuifungulia sukari ile milango ya mwili. Kwa watu wengi wenye maradhi haya ukubwani, milango imekuwa mizito na kongosho limechoka. Nasaba ina sehemu yake, unene wa tumbo una sehemu yake, kukaa kitako kutwa kuna sehemu yake, na vinywaji vitamu vya kila siku huongeza hatari. Wako pia watoto ambao miili yao haitoi insulini kabisa. Hao hawakukosa lolote, wala wazazi wao wasilaumiwe.

Maradhi yenyewe ni ya zamani. Waganga wa Bara Hindi, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, waliona sisimizi wakiukimbilia mkojo wa mgonjwa, wakayapa maradhi jina lenye maana ya mkojo wa asali. Lakini kuyajua si kuyatibu. Ilibidi dunia ingoje hadi mwaka 1921, pale Frederick Banting na Charles Best walipofanikiwa kutoa insulini katika mji wa Toronto, na Januari mwaka 1922 akadungwa mgonjwa wa kwanza, kijana wa miaka 14. Ndiyo sababu Siku ya Kisukari Duniani huwa tarehe 14 Novemba, siku aliyozaliwa Banting.

Uchungu Hauoshi Utamu

Kwetu kuna imani kwamba kichungu huua kitamu. Mtu akiambiwa ana sukari, hukimbilia mwarobaini, akachemsha majani, akanywa huku amekunja uso, na vidonge vya hospitali akavitupa juu ya kabati. Mwarobaini nauheshimu, na kivuli chake ni neema. Lakini uchungu wa ulimini hauoshi sukari ya damuni. Anayetumia miti shamba na amwambie daktari wake, wala asiache dawa kwa kuwa amejihisi mzima. Maradhi haya hukaa kimya miaka mingi huku yakila mishipa midogo ya macho, ya figo na ya miguu.

Dalili zake ni kiu isiyokatika, kwenda haja ndogo mara kwa mara usiku, kukonda bila ya sababu, macho kufifia, na kidonda kisichopona. Wengine hawaoni dalili yoyote. Kipimo ni tone la damu. Mtu akipimwa asubuhi kabla ya kula, sukari ikafika 7 au kuzidi, na ikawa hivyo tena siku nyingine, basi ana kisukari.

Mguu ndio unaotuliza zaidi. Ganzi ikiingia, mtu hukanyaga msumari asisikie, akafunga kitambaa, akaendelea na safari zake, mpaka siku harufu imwambie alichonyimwa na maumivu. Basi nasema hivi: sisi ambao huosha miguu mara tano kwa siku tunapotawadha tunayo nafasi ambayo wengi hawana. Tusiimwagie miguu maji tu. Tuitazame, nyayo na baina ya vidole, kisha tuikaushe vizuri. Asiyeweza kuinama na atazamiwe na mwanawe au mjukuu wake. Na anayekusudia kufunga Ramadhani naye ana maradhi haya, amwone daktari mapema, kwani dawa na saa zake huenda zikahitaji kupangwa upya.

Adabu Mpya ya Mwenyeji

Sasa narudi kwenye kijiko. Kuna jambo lipo katika nyumba zetu ambalo halisemwi. Mgeni aliye na sukari aletewa kikombe kilichokwisha kutiwa sukari. Akikikataa, mwenyeji ataona amedharauliwa. Akieleza sababu, habari itafika mtaa wa pili kabla yake. Basi hukinywa. Hunywa kwa shangazi, akanywa kwa mkwe, akanywa matangani, na kila kikombe ni heshima kwa watu na dhuluma kwa nafsi yake. Tumefika mahali ambapo mtu huona aibu kulinda macho yake mwenyewe.

Dawa ya hili haipatikani dukani. Sukari na itoke katika birika irudi katika kopo lake. Chai ipikwe bila ya sukari, iletwe na kopo na kijiko, na mwenyeji aseme, "Karibu, jitilie kwa kadiri upendavyo." Hapo atakaye vijiko viwili atatia viwili, asiyetaka hatatia, na hakuna atakayemuuliza mwenzake. Siri ya mgonjwa itasalimika na heshima ya mwenyeji itabaki.

Kwa watoto, maji yawe ndiyo kinywaji cha nyumbani, na soda irudi kuwa kitu cha sikukuu. Dafu lina sukari kidogo kuliko soda, nalo ni letu, ingawa si la kunywa kama maji. Chungwa la kumenywa ni bora kuliko maji yake yaliyokamuliwa. Sinia na lipunguzwe wali, liongezwe mchicha, kunde na samaki. Ulimi nao hufundishika: mwenye kupunguza nusu kijiko kila baada ya wiki mbili ataona baada ya miezi michache kuwa chai aliyokuwa akiipenda sasa yamkera kwa utamu. Na lililosemwa juu ya sukari lasemwa pia juu ya chumvi, ambayo kwa siku nzima haifai kuzidi gramu 5, kijiko kimoja cha chai.

Tuliokaa chuoni tukiwa wadogo tulifundishwa neno israfu kabla hatujajua hesabu ya gramu. Tulidhani ni onyo kwa matajiri wenye kumwaga mali. Kumbe hata maskini aweza kufanya israfu kwa kijiko. Nami nimelifunga fundo langu katika ubeti huu:

Sukari siilaumu, kosa lake silioni,
Kosa ni letu kaumu, tusopima kijikoni,
Maradhi hayana zamu, hubisha hodi nyumbani,
Kitamu huwa ni sumu, kisipotiwa mizani.

Jioni ya leo, msomaji, chai itakapoletwa, uliza kwanza ni nani aliyeitia sukari. Kama si wewe, omba kopo.