Simu Ikumbushe, Familia Isindikize

Katika parokia zetu wapo wazazi wanaobeba msalaba kimyakimya: mtoto wao anatumia unga. Wengi hudhani kilichobaki ni sala peke yake. Sala tuiendeleze, lakini tiba nayo ipo.

Tangu Februari 2011, Hospitali ya Taifa Muhimbili hutoa methadoni kwa waraibu wa heroini, na baadaye huduma hiyo ilifika mikoa mingine. Methadoni hii hunywewa. Kwa kipimo sahihi, hutuliza arosto na hamu ya unga kwa siku nzima bila kulewesha. Kwa hiyo mgonjwa, hasa anayeanza, huifuata kliniki kila siku na kuinywa mbele ya mhudumu.

Safari hiyo ya kila siku ndiyo inayowashinda wengi, na hapo simu ya mkononi husaidia. Kwa makubaliano na mgonjwa mwenyewe, tuweke kengele ya saa ya dawa na siku ya kuonana na mshauri. Namba za wauza unga zifutwe, au laini ibadilishwe. Nauli itumwe ya siku hiyo tu, maana fedha nyingi mkononi ni kishawishi.

Nchini Marekani, Desemba 2018, mamlaka ya dawa iliruhusu programu ya simu iitwayo reSET-O kwa waraibu wa aina hii. Lakini iliruhusiwa itumike pamoja na dawa ya buprenofini na ushauri, si badala yake. Simu hukumbusha, kusindikiza ni kazi ya watu.

Basi familia imsindikize, hasa wiki za mwanzo. Akiteleza, asisimangwe, arudishwe kliniki. Na tusimwambie kamwe, “Umeacha ulevi huu, umeshika ule.” Kauli hiyo yaweza kuua. Akikatisha methadoni, mwili hupoteza uzoefu wake. Akirudia unga kwa kiasi cha zamani, pumzi inaweza kusimama. Kupunguza au kuacha dawa kuamuliwe pamoja na daktari.

Baba wa mwana mpotevu hakungoja kusikia hodi mlangoni. Alikuwa akitazama njiani. Nasi waseminari na waamini, tunaye mmoja tunayemfahamu. Tumpigie leo, tumuulize kesho anakwenda kliniki saa ngapi, kisha twende naye.