Jioni za Uswahilini: Starehe za Dar es Salaam Miaka ya 1970 na 1980

Katika mitaa ya Kariakoo, Ilala, Magomeni na Temeke, familia nyingi za Dar es Salaam ziliishi katika nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, baraza mbele na uwani nyuma. Mara nyingi kila chumba kilikuwa na mpangaji wake. Bomba, choo na mahali pa kupikia vilikuwa vya wote, na joto la alasiri liliwatoa watu vyumbani. Kwa hiyo starehe ya jioni haikuwa jambo la mtu na chumba chake. Ilifanyika nje, na aliyepita njiani alikaribishwa ndani yake.

Kilichowakusanya watu wengi zaidi kilikuwa redio. Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyochukua nafasi ya Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1965, ilisikika nchi nzima. Mtu aliyemiliki redio aliiweka dirishani au barazani na kuifungulia sauti, kwa kuwa kuisikiliza peke yake kungehesabiwa kuwa uchoyo. Betri zilikuwa na thamani kubwa, hasa baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, wakati bidhaa nyingi zilipoadimika madukani na sukari na sabuni zikawa za kupangiwa foleni. Betri zilizochoka zilianikwa juani ili zipate nguvu ya kumalizia taarifa ya habari au mpira.

Vipindi viligawa siku na wiki. Watoto walisubiri Mama na Mwana, kipindi ambacho wengi hawawezi kukikumbuka bila kuikumbuka sauti ya Deborah Mwenda. Wakubwa kwa wadogo walicheka na Pwagu na Pwaguzi, na mchezo wa redio uliposikika, mazungumzo yalikoma. Kipindi cha salamu kilikuwa na utamaduni wake kamili. Msikilizaji alinunua kadi, akaandika jina lake na mahali alipo, akaorodhesha ndugu na rafiki anaotaka wasalimiwe, kisha akaituma kwa posta na kungoja kwa siku nyingi. Siku ilipofika, jina lilisomwa hewani na mtaa mzima ukajua. Wako watu waliopata umaarufu wa kitaifa kwa kutuma salamu tu, bila cheo wala mali, na umaarufu huo waliustahili, maana waliwaunganisha watu wa Mtwara na wa Musoma ambao hawakuwahi kuonana.

Redio hiyohiyo ilileta misiba. Simu za majumbani zilikuwa chache, na barua ilichelewa. Hivyo matangazo ya vifo yalisikilizwa kwa makini kila siku. Tangazo lilitaja jina la marehemu, likafuatiwa na orodha ndefu ya ndugu popote walipo. Mtu aliweza kuufahamu msiba wa mjomba wake kutoka kinywani mwa mtangazaji, na majirani waliokuwa wakisikiliza naye ndio waliokuwa wa kwanza kumpa pole na kumchangia nauli.

Barazani, wanaume waliomaliza kazi walicheza bao, drafti, karata na dhumna. Bao ndilo lililoheshimiwa zaidi. Lina mashimo 32 katika safu nne za mashimo manane, na kete 64, ambazo kwa kawaida ni komwe, mbegu ngumu za kijivu zinazookotwa pwani. Mchezo huanza kwa kunamua, yaani kuingiza kete za akiba mojamoja, na zikiisha huingia sehemu ya mtaji. Fundi wa bao aliona mitaji kadhaa mbele kabla hajashika kete, na watazamaji hawakunyamaza: walishangilia, wakasuta, wakamfundisha mshindwa alikokosea. Muuza kahawa alipita na dele lake la moto na vikombe vidogo, kashata pembeni. Habari za mji, Simba na Yanga, bei ya unga na harusi ya Jumamosi zilijadiliwa hapo.

Uwani palikuwa pa wanawake. Walisukana nywele, wakasuka ukili wa mikeka, wakapanga upatu na kukopeshana khanga za shughuli. Kukiwa na harusi, taarabu ililetwa mtaani, na vikundi vya zamani vya mji huo, Egyptian na Al-Watan, vilikuwa na mashabiki wasiopatana. Mambo ya unyago yalibaki ndani, kwa wanaohusika.

Watoto hawakuwa na vitu vya kununuliwa, na hapo ndipo ufundi wao ulipoonekana. Waya ulikunjwa ukawa gari, na soli ya ndala kuukuu ilikatwa ikawa magurudumu. Mpira wa chandimu ulisokotwa kwa matambara na kamba. Wasichana walicheza rede: wawili wanarushiana mpira kutoka pande mbili, wa katikati anaukwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Walicheza pia mdako na ukuti. Usiku wa mbalamwezi ulikuwa wa kombolela, mchezo wa kujificha ambao aliyebaki mwisho aliweza kuwakomboa wenzake wote waliokwisha kukamatwa kwa kulipiga teke kopo. Ni mchezo wenye haki ya ajabu, kwa kuwa mdogo na dhaifu aliweza kuwa ndiye mkombozi.

Sinema ilikuwa safari ya kwenda katikati ya mji, kwenye majumba kama Avalon, Empire, Empress, Odeon na New Chox. Filamu za Kihindi zilipendwa na watu wa kila rangi; Sholay ya 1975 ilijaza viti, na wengi wasiojua neno la Kihindi waliziimba nyimbo za filamu kwa moyo. Wenye magari walikwenda Drive-In, mahali ambapo sasa pana Ubalozi wa Marekani. Asiyekuwa na kiingilio alisimuliwa kesho yake na aliyeiona, ngumi kwa ngumi, na stelingi hakufa.

Mwisho wa wiki ulikuwa wa dansi. Bendi nyingi zilimilikiwa na taasisi za umma: NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ilikuwa ya vijana wa chama tawala, na Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Wanamuziki walilipwa mishahara na kupewa vyombo. Mwaka 1978 Muhiddin Maalim Gurumo na wenzake waliunda Mlimani Park, yenye mtindo wa Sikinde, na tangu hapo mji ukagawanyika kati ya Sikinde na Msondo, mtindo wa NUTA Jazz, kama ulivyogawanyika kati ya Simba na Yanga. Wimbo ulianza taratibu, ukieleza mkasa wa ndoa, ulevi au deni, kisha ukaingia kwenye chemko na sakafu ikajaa. Nchini hapakuwa na kiwanda cha kutegemewa cha kutengeneza santuri, kwa hiyo nyimbo nyingi zilirekodiwa katika studio ya Radio Tanzania na kusikika hewani tu.

Televisheni ilikuwapo Zanzibar tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilikaa bila kituo chake hadi 1994. Kabla yake zilitangulia deki na vibanda vya video, vilivyoyapunguzia watazamaji majumba ya sinema. Vituo binafsi vya redio vilipoanza, watu waligawanyika kwa masafa, na redio ndogo za bei nafuu zikaingia kila chumba.

Kanda za Radio Tanzania zimerithiwa na Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC), na humo zimo sauti za bendi ambazo hazikupata kutoa santuri. Utepe huchakaa hata ukiwa kabatini. Kuzihamishia kanda hizo zote kwenye mfumo wa kidijitali, na kuzifungua kwa umma, ni kazi inayostahili kupewa fedha sasa.